Nani Anashika Daftari? Mfadhili na Mtoto Mnyonge katika Nathari ya Kiswahili

1. Utangulizi

Katika semina ya riwaya muhula uliopita, mwalimu wetu aliuliza swali ambalo darasa zima lililijibu kwa sauti moja. Tulikuwa tunajadili Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994) kama ilivyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Swali lenyewe: tajiri Aziz, anayemchukua kijana Yusuf kwao na kumweka dukani kwake, ni mfadhili au mnyonyaji? "Mnyonyaji!" Wenzangu wakacheka, maana waliliona swali jepesi mno.

Mimi nilinyamaza. Jibu nililijua, lakini nilikuwa nimekumbuka ndoo ya maandazi.

Nilililetwa Kinyerezi kutoka Rufiji nikiwa na miaka kumi na moja, baada ya mama kufariki na baba kuelemewa. Shangazi yangu alimwambia baba, "Nipe huyu, nitamsomesha." Kweli alinisomesha. Na kweli vilevile, kwa miaka saba niliamka saa kumi alfajiri kukanda unga, nikakaanga maandazi, nikayapeleka kwa ndoo kituo cha daladala kabla ya kwenda shule. Sasa, shangazi ni mfadhili au mnyonyaji? Wenzangu wa semina wangenijibu nini?

Makala haya yanajaribu kufuatilia, kwa ufupi, historia ya mhusika huyu anayemchukua mtoto wa watu kwa jina la wema. Nitaonyesha kwamba nathari yetu imekuwa naye tangu utoto wake, na kwamba waandishi wetu walio bora hawaulizi sana kama nia ya mfadhili ni safi au chafu. Wanauliza jambo gumu zaidi: nani anashika daftari la fadhila hizo, na je, mtoto ana ruhusa ya kulisoma?

2. Watoto wa Kiungani na Freretown

Wengi wetu tumezoea kuanza historia ya nathari ya Kiswahili na Shaaban Robert. Mimi naomba turudi nyuma kidogo. Mwaka 1864 wamisionari wa UMCA, Askofu Tozer na Edward Steere, walifika Unguja. Sultani Majid akawapa wavulana watano waliokuwa wametolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wao wa kwanza. Baadaye shule ilikua ikawa Kiungani, na watoto waliokamatwa na manowari za Kiingereza baharini wakawa wanaletwa huko.

Je, wamisionari waliwapenda watoto hao? Sina sababu ya kukataa. Walipoteza afya zao na wengine maisha yao kwa kazi hiyo. Lakini pia waliwahitaji. Misheni ilikuwa inataka kwenda bara, ikataka walimu na makatekista wanaojua lugha za huko. Mtoto aliyekombolewa hakuwa na ukoo wa kumrudisha wala mjomba wa kumdai. Cecil Majaliwa, mmoja wa waliokombolewa wakiwa watoto, alipewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuupata katika UMCA. Hapo huruma na haja vinatembea pamoja, na anayetaka kuvitenganisha atapata taabu.

Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha Uingereza kitabu kinachoitwa Kiungani. Ndani yake kuna masimulizi ya wavulana wenyewe: kijiji walikozaliwa, siku waliyokamatwa, safari ya kuja pwani, jahazi. Waliyaandika kwa Kiswahili, Madan akayatafsiri. Ndugu msomaji, tulifikirie hilo. Hapa tuna watoto wanaosimulia maisha yao kwa nathari miongo mingi kabla ya riwaya zetu tunazofundishwa. Lakini waliandika wakiwa chini ya paa la aliyewakomboa, na kikachapishwa kwa lugha ya wachangiaji. Mtoto anaweza kusema nini juu ya mwenye nyumba huku anakula chakula chake? Sisemi kuwa walidanganya. Nasema kalamu ilikuwa yao, ila karatasi haikuwa yao.

Jambo hili halikuwa la Waanglikana peke yao. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 walinunua watoto sokoni ili kuwaacha huru, wakawalea, wakawafundisha kazi za mikono na mashamba. Sehemu ya fedha ilitoka Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 kuchangisha senti za watoto wa Ulaya. Watoto wale walinunuliwa wawe huru, kisha wakatakiwa kuwa Wakristo, wakulima na wanakijiji wa misheni. Charles Dickens aliwahi kuicheka tabia hiyo upande wa watoaji. Katika Bleak House, riwaya iliyokamilika mwaka 1853, yumo Bi Jellyby, anayeshinda akiandika barua za kuwasaidia Waafrika wasiojulikana huku watoto wake mwenyewe wakianguka ngazini. Dickens alimwona mtoaji. Wapokeaji wa Afrika hakuwaona. Kwake ni jina tu la mahali.

Wapokeaji tunawapata kwa James Mbotela. Uhuru wa Watumwa (1934) ni hadithi ya waliotekwa, wakaokolewa baharini, wakafikishwa Freretown, kijiji kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Baba yake Mbotela alikuwa mmoja wa waliokombolewa. Wahakiki wengi wamekishambulia kitabu hiki kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na hoja yao ina uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa Freretown alilaumiwa kwa kuwachapa viboko na kuwafunga watu walioambiwa kuwa wako huru. Kengele ya Freretown ingalipo, na mahali hapo panaitwa Kengeleni mpaka leo. Kitabu kimeipokea sauti ya kengele. Sauti ya kiboko haisikiki.

Hata hivyo mimi simcheki Mbotela. Mtoto wa aliyekombolewa anaandika shukrani kwa sababu shukrani ndiyo lugha aliyolelewa nayo. Mimi mwenyewe, nikimwandikia shangazi ujumbe, huanza na "shikamoo" na kumaliza na "Mungu akuzidishie". Maandazi siyataji.

3. Ami asiye ami

Gurnah anachukua jambo hilohilo na kulitoa mikononi mwa misheni. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Anamjua Aziz kama ami mkarimu anayepita kwao na kumpa sarafu kila anapoondoka. Siku moja anaambiwa afuatane naye. Ni huko dukani ndipo Khalil, kijana aliyetangulia kuwekwa pale, anamfungua macho: huyu si ami yako, mwite Seyyid; wewe ni rehani ya deni la baba yako.

Wenzangu waliosema "mnyonyaji" wana haki. Lakini angalia ufundi wa mwandishi. Aziz hapigi wala hatukani. Ni mtaratibu, ananukia, anazungumza kwa upole. Sarafu aliyokuwa akimpa Yusuf ilikuwa sarafu ya kweli, na furaha ya mtoto ilikuwa ya kweli. Kama Gurnah angemchora kama zimwi, tungemchukia na kulala usingizi. Amemchora kama mtu tunayemfahamu, na ndiyo maana riwaya inauma.

Halafu yuko Amina. Baba yake Khalil alimwokoa akiwa mtoto mikononi mwa watekaji, akamlea kama binti yake. Tendo jema kabisa. Lakini deni lilipobana, huyohuyo aliyeokolewa akaingia rehani pamoja na Khalil, mwishowe akawa mke wa tajiri. Mtoto wa kuzaa na mtoto wa kuokota wote walikuwa ndani ya hesabu moja, na hesabu hiyo hawakuiandika wao. Hapo ndipo nilipoacha kuuliza habari za nia. Nia ya baba yake Khalil ilikuwa njema. Haikumsaidia Amina.

4. Manzese na Benefactor

Tuje karibu zaidi. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo (2002) inatuweka Manzese. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, wanaishia kuokota jalalani, na baadhi ya watoto wanavutwa na watu wazima kwenye biashara ya dawa za kulevya. Serikali ilikuwa imefuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, lakini riwaya ilikuwa inasema habari za kizazi kizima kilichokwisha kupita mlangoni. Sisi wa Kinyerezi tunazijua habari hizo. Hatuko mbali na Tabata, ambako dampo la Jiji lilikuwapo mpaka wakazi waliposhtaki na likafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika riwaya hii anayempa mtoto wa jalalani pesa haraka ni yule mwenye kazi ya kumtuma. Mtoto mwenye njaa hawezi kuchunguza nia ya mkono unaompa.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014) inaweka mambo mawili sambamba. Sauna, mtumishi wa nyumbani, anawachukua Dick na Mwaliko na kuwapeleka kwa Bi Kangara, mfanyabiashara wa watoto. Dick anaishia kutumiwa katika dawa za kulevya. Mwaliko anafikia kituo cha Benefactor, na kutoka huko anaasiliwa na Mwangemi na Neema, watu wenye kiu ya mtoto. Dada yao Umulkheri naye anapata wazazi wengine, Mwangeka na Apondi.

Msomaji mkali atasema: Neema na Mwangemi nao walikuwa wanajitafutia chao. Ni kweli. Walitaka mtoto kwa ajili ya nafsi zao. Basi tofauti yao na Bi Kangara iko wapi, kama si katika usafi wa nia? Mimi naiona mwishoni, ndugu watatu wanapokutana tena. Mwaliko hakufichwa asili yake wala hakutakiwa kumsahau dada yake ili alipe malezi. Bi Kangara anahitaji mtoto asiyejulikana alikotoka. Wazazi wa kuasili wanaweza kumpenda anayejulikana.

5. Hitimisho

Nikiwa kidato cha tatu niliona daftari la duka la shangazi. Kurasa za mbele ni madeni ya wateja. Nyuma kabisa kulikuwa na jina langu: sare, viatu, madaftari, nauli, michango. Ada haikuwamo, ilikuwa imefutwa tangu 2016. Vingine vyote vilikuwamo, mpaka dawa ya malaria. Niliumia sana. Nikajisemea, kumbe mimi ni mteja.

Likizo iliyopita, baada ya semina ile, nilimwuliza. Hakukasirika. Alisema, "Baba, niliandika ili kaka yangu asije akasema nilimnyima mwanawe. Watu wa Rufiji wanasema." Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Na maandazi nayo, ungeyaandika wewe. Mimi nilikuwa najua uko wapi kila asubuhi, lakini sikuandika."

Kwa hiyo daftari nililodhani ni la kunidai lilikuwa la kujilinda. Nia zake zilikuwa nyingi: mapenzi kwa kaka yake, haja ya mikono dukani, hofu ya maneno ya watu, na mimi pia, nadhani. Hazijanifutia alfajiri hata moja. Wala alfajiri hazijafuta kwamba niko hapa chuoni naandika.

Ndiyo maana napendekeza kwa wanafunzi wenzangu kwamba tunapomhakiki mfadhili katika riwaya, tusiharakishe kumpa jina. Tuangalie kwanza hesabu imeandikwa na nani, na upande wa mtoto umeandikwa wapi. Wavulana wa Kiungani waliandika, wakachapishwa kwa ajili ya wengine. Mbotela aliandika shukrani. Gurnah, Mbogo na Matei wameandika upande ule wa pili. Shangazi hajui kusoma riwaya ndefu, lakini makala haya nitamsomea, pamoja na mahali palipotajwa maandazi.