Neptune, merikebu ya wafungwa iliyozuiwa Cape Town

Februari 2025 ilitimia miaka 175 tangu merikebu ya matanga Neptune ing'oe nanga Simon's Bay, Afrika Kusini, ikiwa na wafungwa wale wale iliowaleta. Wengi wanaopita Mtaa wa Adderley, kwenye wauza maua maarufu wa Cape Town, hawajui kwamba mtaa huo ulipata jina lake kwa sababu ya chombo hicho.

Uingereza ilikuwa imezoea kuwapeleka wahalifu wake Australia. Mwaka 1848 Waziri wa Makoloni, Earl Grey, aliamua kuwa sasa ni zamu ya koloni la Rasi (Cape). Neptune ikaondoka Bermuda Aprili 1849 na wafungwa wapatao 280, wengi wao Waairishi, wakiwamo walioiba chakula wakati wa njaa kuu ya Ireland. Ilipitia Pernambuco, Brazili, na kutia nanga Simon's Bay Septemba 19.

Humo ndani alikuwamo John Mitchel, mwandishi wa Ireland aliyehukumiwa miaka 14 kwa kosa la uhaini. Mengi tunayoyajua kuhusu miezi ile yametoka katika shajara yake ya gerezani, na ni vyema msomaji ajue kwamba Mitchel, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mfungwa, aliwashangilia walowezi waliomkataa.

Walowezi walikuwa wameunda chama cha kupinga wafungwa, mhariri John Fairbairn akiwa miongoni mwa vinara wake. Wakaapa: asiyewasusia wanaohusika na Neptune naye atasusiwa. Wauza nyama na waoka mikate wakakataa kuiuzia serikali chakula, hata cha askari. Gavana Harry Smith, jenerali aliyezoea vita, akabanwa na maduka. Hakuthubutu kuwashusha wafungwa, wala hakuwa na amri ya kuwarudisha.

Aliyevunja mgomo ni mkulima mmoja, Kapteni Robert Stanford, aliyekubali kuiuzia serikali mazao yake. Alikiona cha mtema kuni. Vibarua walimkimbia, benki na maduka vikamfungia milango, na inasimuliwa kwamba binti yake mdogo alipougua, daktari alikataa kumtibu, akafa. Serikali ilimpa cheo cha Sir, lakini shamba lake halikusimama tena.

Hapa ndipo sifa za wazalendo wale zinaponikwama kooni. Walidai wanalinda heshima ya nchi, na nchi yenyewe walikuwa wameinyang'anya kwa wenyeji. Watumwa wa Rasi walikuwa wamepata uhuru kamili miaka 11 tu kabla, mwaka 1838. Mitchel naye, aliyepelekwa Tasmania baadaye, alitoroka huko mwaka 1853, akafika Marekani na kugeuka mtetezi wa utumwa.

Hatimaye London ilisalimu amri. Neptune ikaelekea Tasmania Februari 1850, na huko wafungwa wote isipokuwa Mitchel walipewa msamaha wenye masharti. Mwaka 1854 koloni likapata bunge lake. Ujasiri wa kudai bunge hilo ulitokana kwa sehemu na ushindi huu.

Barabara kuu ya Cape Town, iliyoitwa Heerengracht, ikapewa jina la Charles Adderley, mbunge wa Uingereza aliyewatetea walowezi akiwa London. Hata hivyo, Stanford, waliyemwita msaliti, naye yumo kwenye ramani: mji mdogo uliojengwa kwenye lililokuwa shamba lake unaitwa Stanford hadi leo.