RALPH BAER: FUNDI REDIO ALIYEWABANA ATARI KWA KARATASI

Wiki iliyopita kwenye kibanda cha gemu hapa mtaani kulizuka ubishi mkali: nani alibuni gemu ya kwanza ya kucheza kwenye TV? Mshkaji mmoja akasema Wajapani, Nintendo. Kaka mwenye kibanda akasema Atari, gemu yenyewe inaitwa Pong. Na mimi nikaunga mkono Atari, tena kwa kujiamini kabisa. Nimekaa siku nne nasoma, nikagundua kumbe niliropoka. Jina ambalo hakuna aliyelitaja siku ile ni Ralph Baer. Leo namweka mzee huyu hapa kwa urefu kidogo, pamoja na hataza zake, maana hizo ndizo zilizoamua ubishi kama wetu huko Marekani, tena mahakamani.

Kwa asiyelijua hilo neno, hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza kitu alichovumbua, kwa miaka maalumu. Yeye naye analazimika kueleza hadharani kitu hicho kinafanyaje kazi. Kwetu Tanzania Bara wanaosajili ni BRELA. Marekani enzi hizo hataza ilidumu miaka 17 tangu siku ilipotolewa.

Baer alizaliwa Ujerumani mwaka 1922, katika mji wa Pirmasens. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Wanazi walipoingia madarakani alifukuzwa shule akiwa na miaka 14 kwa sababu hiyo tu. Mwaka 1938 familia ikakimbilia New York. Huko kijana akawa kibarua wa kiwandani, halafu akajisomea ufundi redio kwa njia ya posta, akahitimu mwaka 1940 na kuanza kutengeneza redio za watu. Digrii aliipata mwaka 1949 huko Chicago, baada ya kutoka jeshini, na ilikuwa digrii ya uhandisi wa televisheni. Sisi tulioishia fomu foo tunaweza kupumua kidogo hapo, ila tusijidanganye, jamaa alirudi darasani.

Mwaka 1956 akaajiriwa na kampuni ya Sanders Associates, Nashua, jimbo la New Hampshire. Hii ilikuwa kampuni ya vifaa vya kijeshi. Gemu haikuwa kazi yake hata kidogo.

Mwisho wa Agosti 1966 alikuwa New York kikazi, amekaa kwenye kituo cha mabasi anamsubiri mwenzake. Likamjia wazo: Wamarekani wana mamilioni ya TV majumbani, na kazi ya TV hizo ni kutazamwa tu. Kwa nini mtu asiweze kuicheza? Kesho yake, tarehe 1 Septemba 1966, akaandika wazo lote kwenye kurasa nne. Halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingelikumbuka: akampa mhandisi mwenzake asome, akatia sahihi na tarehe kama shahidi. Zishikeni hizo kurasa nne, zina kazi mbele.

Sasa kitu chenyewe kinafanyaje kazi? Nitajaribu kwa lugha ya fundi. Kwenye TV ya kichogo, mwale wa elektroni unachora picha mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. TV za Marekani zilikuwa na mistari 525. Kila mstari unaanza na ishara inayoiambia TV "anza hapa". Baer akawaza hivi: nikiisubiri ile ishara, nikachelewesha kidogo, halafu nikarusha mpigo mfupi wa umeme, kwenye kioo itatokea nukta nyeupe. Nikichelewesha zaidi, nukta inasogea kulia. Nikifanya hivyo hivyo kwa ishara inayoanza picha nzima, nukta inapanda au inashuka. Kwa hiyo nobu mbili za kuzungusha, zinazobadilisha muda wa kuchelewesha, zinakupa nukta unayoipeleka utakako. Hakuna kompyuta hapo ndani. Ni transista, daiodi, rezista na kapasita tu.

Na mpira unajuaje kwamba umegonga kibao? Hapo ndipo mimi niliposimama kusoma nikacheka peke yangu. Nukta mbili zikikutana kwenye kioo, maana yake saketi mbili zimerusha mpigo kwa wakati uleule. Basi weka saketi ya tatu inayolinda lango: ikiona mipigo miwili pamoja, inageuza mwendo wa mpira. Kwisha kazi. Hilo wazo la nukta ya tatu inayoendeshwa na mashine yenyewe, yaani mpira, aliliingiza mhandisi Bill Rusch mwaka 1967. Aliyekuwa akichomelea saketi nyingi ni fundi Bill Harrison. Nawataja kwa sababu hata hati zinawataja: hataza namba 3,659,285 ina majina yao wote watatu, na ile ya Rusch peke yake, 3,659,284, ndiyo iliyokuja kuwa silaha kubwa mahakamani, baada ya kutolewa upya mwaka 1975. Ya Baer mwenyewe, 3,728,480, ilitoka Aprili 1973.

Bosi wao aliwapa dola 2,500 za kuanzia: 2,000 za kulipa watu na 500 za vifaa. Kufikia 1968 walikuwa na jaribio la saba, kasha lililobandikwa plastiki yenye sura ya mbao, ndiyo maana likaitwa Brown Box. Lilikuwa na tenisi ya mezani, gemu nyingine kadhaa, na bunduki ya kulenga mwanga kwenye kioo.

Hapa kuna jambo la mtandao, na wengi wanaliruka. Sanders hawakuwa wauzaji wa bidhaa za nyumbani, kwa hiyo walihitaji mbia. Mtu wa kwanza kuendewa hakuwa mtengeneza TV. Mwanzoni mwa 1968 Baer aliwaonyesha mashine yake watu wa TelePrompTer, kampuni ya televisheni ya kebo. Mpango ulikuwa hivi: kampuni ya kebo itume picha nzuri ya uwanja wa tenisi kupitia waya hadi nyumbani kwako, na kasha lako lichore wachezaji na mpira juu ya picha hiyo. Yaani mandhari inatoka mbali, mchezo uko sebuleni. Hata maelezo ya hataza yake yanazungumzia kutumia kifaa pamoja na picha zinazorushwa na kituo cha TV. Mwaka huo ARPANET, babu wa intaneti, ilikuwa bado haijaunganisha kompyuta zake za kwanza. Hiyo ilikuja Oktoba 1969. Mpango wa kebo ulikufa kwa sababu ya pesa, kampuni ilikuwa na hali mbaya. Ungefanikiwa, historia ya gemu za mtandaoni ingeanza mapema sana.

Basi wakazunguka kwa watengeneza TV, na mwisho Magnavox wakachukua leseni. Mwaka 1972 ikatoka Odyssey, mashine ya kwanza ya gemu ya nyumbani kuuzwa duniani. Bei ilikuwa dola 100 kasoro senti tano. Haikuwa na sauti, haikuhesabu magoli, na rangi ulijibandikia mwenyewe kwa karatasi ya plastiki juu ya kioo. Ziliuzwa kama 350,000 hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1975. Si haba, lakini haikuwa moto wa kuotea mbali.

Moto ulikuja na Pong. Tarehe 24 Mei 1972, Magnavox walikuwa wanaonyesha Odyssey kwa wafanyabiashara huko Burlingame, California. Jamaa mmoja akaingia, akasaini kitabu cha wageni, akacheza ile tenisi. Jina alilosaini ni Nolan Bushnell. Mwezi uliofuata yeye na mwenzake wakasajili kampuni ya Atari, na kabla mwaka haujaisha mhandisi wao Allan Alcorn akawa ametengeneza Pong, mashine ya kutumbukiza sarafu, ikafungwa kwenye baa.

Tuwe wakweli, Pong haikuwa kopi tupu. Alcorn aliongeza sauti, akaongeza matokeo kwenye kioo, na akagawa kibao vipande ili mpira urudi kwa pembe tofauti kulingana na ulipogonga. Ndiyo maana watu walipanga foleni. Na Bushnell hakuwa mgeni wa mambo haya: mwaka 1971 alishatoa Computer Space, mashine ya sarafu iliyotangulia Odyssey sokoni, na ana hataza yake mwenyewe ya mwaka 1974 kuhusu kusogeza picha kwenye kioo. Kwa hiyo anayesema Bushnell mwizi tu, hajasoma. Lakini anayesema tenisi ile ilitoka kichwani kwa Atari, naye hajasoma, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwaka 1974 Magnavox na Sanders wakafungua kesi. Ushahidi ukatolewa mezani: kurasa nne za 1966 zenye sahihi, madaftari ya Harrison yenye tarehe, na kile kitabu cha wageni. Bushnell hakukana kwamba aliiona Odyssey, alisema tu haikumvutia. Mwaka 1976 Atari wakamalizana nao nje ya mahakama na kuchukua leseni. Waliobaki wakasubiri hukumu. Januari 1977 Jaji John Grady wa Chicago akaamua kwamba hataza ni halali na imekiukwa, na ile ya Baer akaiita ya mwanzilishi katika fani hiyo.

Baada ya hapo ikawa mtu akitengeneza gemu yenye mpira na kibao, barua inamfuata. Mattel walishtakiwa, Activision walishtakiwa. Katikati ya miaka ya 1980 Nintendo wakajaribu kuzibatilisha hataza hizo kwa kumleta William Higinbotham, mwanasayansi aliyetengeneza tenisi ya kucheza kwenye kioo cha maabara ya Brookhaven mwaka 1958. Hoja nzuri, miaka minane kabla ya Baer! Ikagonga mwamba, kwa sababu kile kilikuwa kifaa cha kupimia mawimbi ya umeme, hakikutumia ishara za TV. Jumla ya fedha zilizopatikana kwa kesi na leseni hutajwa kuwa zaidi ya dola milioni 100. Mwenye hataza lakini alikuwa Sanders, Baer alikuwa mwajiriwa.

Nikiri kwamba hii habari imenigusa pabaya. Miaka mitatu iliyopita mimi na rafiki yangu fundi tulitengeneza kidude cha kukata umeme wa TV kwenye kibanda cha gemu, dakika ulizolipia zikiisha TV inazima yenyewe, hakuna cha "bro niongeze dakika mbili". Tukamwonyesha mwenye kibanda mmoja, akasema atafikiria. Leo kinatumika vibanda vitatu na si sisi tuliovifunga. Sina mchoro, sina tarehe, sina sahihi ya mtu. Nilichonacho ni picha moja kwenye simu iliyovunjika kioo. Kwa kweli sijui kama kidude chetu kingestahili hataza, vifaa vya kuhesabu muda viko vingi. Ila hata kubishana siwezi.

Halafu kuna Simon, na hapa ndipo msimamo wangu unapoyumba. Mwaka 1974 Atari walitoa mashine ya sarafu inaitwa Touch Me: taa zinawaka kwa mpangilio, wewe unarudia kwa kubonyeza. Baer akaiona kwenye maonyesho mwaka 1976. Akaona wazo ni zuri ila limetekelezwa vibaya, hasa zile kelele. Yeye na mwenzake Howard Morrison wakatengeneza ya kushika mkononi, yenye vitufe vinne vya rangi, na sauti akazichukua kwenye noti za baragumu, kwa sababu hizo ukizipanga vyovyote hazikwaruzi masikio. Milton Bradley wakaiuza kuanzia 1978, ikavuma dunia nzima, na hataza namba 4,207,087 ikatoka mwaka 1980. Yaani mzee alifanya kwa Atari kile ambacho Atari walifanya kwenye tenisi yake: akaona, akaboresha, akauza zaidi. Tofauti ni kwamba yeye alipita ofisi ya hataza.

Mwaka 2006 Rais Bush alimvisha Nishani ya Taifa ya Teknolojia, na mwaka huohuo nyaraka zake na Brown Box vikaenda makumbusho ya Smithsonian. Alifariki Desemba 2014 nyumbani kwake Manchester, New Hampshire, akiwa na miaka 92. Hataza zake duniani kote zilizidi 150.

Kaka mwenye kibanda nimeshampelekea habari hii. Amesoma, kanirudishia simu, kasema: "Sawa, lakini Pong ndiyo ilikuwa tamu." Wadau mnasemaje, Simon mlimtendea haki Atari au la? Na kama kuna mdau aliyewahi kusajili kitu BRELA, atupie hapo chini ilimchukua muda gani. Naomba kuwasilisha.