Pesa ya wahanga wa Vita vya Siku Sita: nani atatoa hesabu?

Ndugu wasikilizaji wa Kapalata, na ninyi familia mliokimbilia Kisangani, historia hii bado haijafungwa.

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa na wapata 1.700 waliojeruhiwa. Kongo ilishitaki Uganda huko La Haye. Rwanda haikuhukumiwa, kwani haikukubali mamlaka ya mahakama hiyo.

Tarehe 9 Februari 2022, mahakama iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa vita vyake vyote Kongo, katika mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni 11. Mahakimu walisema fishi za wahanga zilizopelekwa na serikali hazikuwa na vithibitisho vya kutosha. Kwa hiyo walitoa pesa ya jumla, si ya mtu kwa mtu. Kazi ya kugawa ikabaki kwa serikali yetu, kupitia mfuko wa FRIVAO wenye makao hapa Kisangani.

Septemba 2025, Mahakama ya Kasasyoni mjini Kinshasa ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka mitatu ya kazi ngumu. Kesi ilihusu zaidi ya dola milioni 19 zilizotoka FRIVAO, eti kwa kujenga gereza Kisangani. Mwenyewe alikana.

Hata nchi tajiri zimeona mambo kama haya. Kule Australia, kompyuta ya serikali ilidai watu waliopokea msaada madeni ya uongo. Maskini ndiye aliyetakiwa kutafuta karatasi za mshahara wa zamani. Mpango ulionekana si halali, pesa zikarudishwa, na mwaka 2023 tume ya uchunguzi ilitoa ripoti juu ya viongozi waliohusika.

Kule kosa lilikuwa la serikali, mzigo ukamwangukia raia. Hapa pia. Basi orodha za wahanga zibandikwe wazi kwenye komine. Aliyeachwa apewe jibu kwa maandishi. Pesa iliyotoka irudi.

Na ninyi mliokimbia vijiji vyenu juzi, andikeni sasa: majina, tarehe, nyumba iliyochomwa, jina la jirani aliyeona. Msingoje miaka 22.