Vita katika Civilization IV: Jinsi uvamizi wa mapema unavyoendeshwa na gharama yake

MIONGONI mwa michezo ya tarakilishi inayochezwa kwa zamu, ni michache iliyopata wafuasi wengi na kudumu miaka mingi kama Civilization. Mchezo huo ulibuniwa na Sid Meier akisaidiana na Bruce Shelley, na toleo la kwanza likachapishwa na kampuni ya MicroProse nchini Marekani mwaka wa 1991. Toleo la nne, ambalo ndilo linaloangaziwa hapa, lilitayarishwa na kampuni ya Firaxis chini ya uongozi wa mbunifu Soren Johnson na kutolewa mwaka wa 2005.

Mchezaji huanza mwaka wa 4000 kabla ya Kristo akiwa na kundi moja la walowezi na askari au mpelelezi mmoja. Kutokana na mwanzo huo mdogo, hutarajiwa kujenga miji, kugundua maarifa mapya, kueneza dini, kufanya biashara na kukabiliana na mataifa mengine hadi mwaka wa 2050. Ushindi huweza kupatikana kwa njia za amani, kama vile kurusha chombo cha angani kuelekea Alpha Centauri, kukuza utamaduni wa miji mitatu hadi upeo wake, au kuungwa mkono katika Umoja wa Mataifa. Njia nyingine mbili ni za mabavu: kuwaangamiza wapinzani wote, au kutawala sehemu kubwa ya ardhi na watu wa dunia.

Makala hii inaeleza njia ya mabavu, hasa uvamizi wa mapema. Mbinu hiyo husifiwa na wengi, lakini huwaangusha wachezaji wengi zaidi baada ya kushinda vita kuliko wakati wa vita vyenyewe.

Kwa nini mapema

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika karne za mwanzo za mchezo, mataifa yanayoendeshwa na tarakilishi huwa na miji miwili au mitatu tu, na kila mji hulindwa na wapiga mishale wachache. Kadiri muda unavyosonga, miji hiyo huzungushiwa kuta, utamaduni wake huongezeka na walinzi huwa wengi. Jirani anayeweza kuondolewa kwa askari wanane leo, huenda akahitaji askari ishirini na mitambo ya kurushia mawe baadaye.

Ufunguo wa uvamizi wa mapema ni maarifa ya kufua shaba. Maarifa hayo humpa mchezaji faida nne kwa pamoja. Kwanza, humwonyesha mahali yalipo madini ya shaba kwenye ramani. Pili, humwezesha kuunda askari wa shoka mara shaba hiyo inapochimbwa na kuunganishwa na miji yake kwa barabara. Tatu, vibarua wake huweza kukata misitu na mbao kuharakisha kazi ya mji ulio karibu. Nne, hufungua mfumo wa utumwa, ambao humruhusu kutoa kafara wakazi wa mji ili kumaliza kazi mara moja.

Mchezo hupima kazi kwa alama ya nyundo. Kwa mwendo wa kawaida, mkazi mmoja anayetolewa kafara huleta nyundo 30, ilhali askari mmoja wa shoka hugharimu nyundo 35. Adhabu yake ni kwamba wakazi waliobaki hununa kwa zamu 10. Kwa hiyo, mji wenye chakula kingi, ambao hujaza pengo la watu haraka, hufaa zaidi kwa kazi hiyo kuliko mji wenye milima na madini pekee. Iwapo shaba haipatikani karibu, mchezaji mwenye busara huahirisha vita au hutafuta farasi, badala ya kupeleka askari wa rungu wenye nguvu 2 wakafe bure langoni.

Hesabu ya pambano

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kulinganisha nguvu zilizoandikwa kwa kila askari bila kuzingatia nyongeza. Askari wa shoka ana nguvu 5 na mpiga mishale ana nguvu 3. Kwa macho, askari wa shoka anaonekana kuwa mshindi wa wazi. Hali ndani ya mji ni tofauti kabisa.

Mpiga mishale hupata nyongeza ya asilimia 50 anapolinda mji. Akikaa mahali pamoja kwa zamu tano bila kusonga, hujichimbia na kupata asilimia 25 zaidi. Utamaduni wa mji mchanga huongeza asilimia 20 nyingine. Jumla ni asilimia 95, na nguvu zake hupanda kutoka 3 hadi 5.85. Mvamizi mwenye nguvu 5 sasa ndiye mnyonge. Kama mji uko kilimani, hali huwa mbaya zaidi, kwani kilima chenyewe huongeza asilimia 25 na mpiga mishale ana nyongeza yake ya pekee ya asilimia 25 kilimani. Anayevamia kutoka ng'ambo ya mto hupoteza asilimia 25 tena.

Ndipo umuhimu wa kambi ya mafunzo unapoonekana. Askari anayetoka kambini huwa na tajriba ya kutosha kupata nishani moja tangu mwanzo. Nishani inayofaa hapa ni ile ya uvamizi wa miji, ambayo hupunguza asilimia 20 kutoka kwa nyongeza za mlinzi. Mpiga mishale wa 5.85 hushuka hadi 5.25. Ikiwa kiongozi aliyechaguliwa ana hulka ya ukali, askari wake wa shoka huzaliwa na nyongeza ya asilimia 10, yaani nguvu 5.5, na kambi zake hujengwa kwa nusu ya muda. Hapo mizani huinama upande wa mvamizi. Montezuma wa Azteki na Alexander wa Ugiriki ni baadhi ya viongozi wenye hulka hiyo. Shaka wa Wazulu, aliyeongezwa katika nyongeza ya Warlords ya mwaka wa 2006, pia ni mmoja wao.

Hata kwa hesabu hiyo, askari wa kwanza kushambulia mara nyingi hufa. Kazi yake ni kumjeruhi mlinzi, kwa kuwa aliyejeruhiwa hupigana kwa nguvu pungufu dhidi ya anayefuata. Kwa sababu hiyo, ni vyema kupeleka angalau askari wawili kwa kila mlinzi, na kuwashambulisha wote katika zamu moja. Anayetuma mmoja leo na mwingine kesho humpa adui nafasi ya kupona.

Si kila jirani anayefaa kuvamiwa. Mansa Musa wa Mali, kwa mfano, ana wapiganaji wa pekee wanaochukua nafasi ya wapiga mishale na wenye nguvu 4 badala ya 3. Ndani ya mji wenye nyongeza zile zile, nguvu zao hufikia 7.8. Mchezaji anayepakana na Mali hufaidika zaidi kwa kufanya naye biashara, hadi atakapopata silaha bora.

Mpangilio wa jeshi

Jeshi husafiri likiwa kundi moja katika mraba mmoja wa ramani. Linaposhambuliwa, mchezo humchagua mlinzi anayefaa zaidi dhidi ya mshambulizi huyo. Hivyo, kundi la mashoka matupu ni hatari. Askari mmoja au wawili wa mkuki huhitajika kuwazuia wapanda farasi, kwani mkuki hupata nyongeza ya asilimia 100 dhidi yao.

Njia ya kupita nayo huhesabika. Msitu humpa anayelinda asilimia 50, na kilima asilimia 25. Kamanda mzuri hulaza jeshi lake msituni au kilimani, karibu na mji unaolengwa, kisha hushambulia zamu inayofuata. Barabara za adui hazimsaidii mvamizi, kwa hiyo mwendo ndani ya nchi ya wengine ni wa polepole. Aidha, mara vita vinapotangazwa, majeshi yaliyokuwa ndani ya mipaka ya adui kwa mkataba wa kupitana hufukuzwa nje. Hila ya kuegesha jeshi langoni mwa rafiki kabla ya kumgeuka haifaulu.

Baadaye, miji inapozungushiwa kuta na kinga yake kufika asilimia 50, mashoka hayatoshi tena. Maarifa ya ujenzi huleta mitambo ya kurushia mawe. Mitambo hiyo hufanya kazi mbili: hubomoa kinga ya mji zamu baada ya zamu, na ikishambulia huwajeruhi walinzi kadhaa kwa wakati mmoja. Wachezaji wengi husita kuitoa mhanga, kisha hupoteza askari wa panga wengi kwa kuihurumia.

Mali bila daftari

Baada ya mji wa kwanza kutekwa, dhahabu huingia katika hazina, na vibarua wa adui huweza kunaswa wakafanye kazi upande wa pili. Mji wenye mkazi mmoja tu huteketea wenyewe unapotekwa. Ule mkubwa huweza kuhifadhiwa au kuchomwa.

Hapa ndipo njia hugawanyika. Katika Civilization IV, kila mji huigharimu hazina. Gharama hupanda kulingana na idadi ya miji yote na umbali wa kila mji kutoka mji mkuu. Mji uliotekwa hukaa katika ghasia kwa zamu kadhaa bila kuzalisha chochote. Wakazi wake wa asili huendelea kuililia nchi yao ya zamani maadamu nchi hiyo ingali hai. Vita vikirefuka, uchovu wa vita huwafanya raia wa nyumbani nao wanune.

Matokeo huonekana katika kiwango cha utafiti. Mchezaji aliyekuwa akitenga sehemu kubwa ya mapato yake kwa maarifa hujikuta akipunguza kidogo kidogo ili kulipia miji mipya. Hazina ikikauka kabisa, majeshi hugoma na kuanza kuvunjika. Mali bila daftari huisha bila habari, na himaya bila mahakama na sarafu huishia vivyo hivyo. Mahakama hupunguza gharama ya mji kwa nusu. Maarifa ya sheria na ya sarafu basi si anasa ya wapenda amani, bali ni sehemu ya mpango wa vita.

Mchezaji anapaswa pia kupima alichokiacha. Askari 8 wa shoka ni nyundo 280, ilhali kundi la walowezi hugharimu 100. Kwa kazi hiyo angeanzisha karibu miji mitatu yake mwenyewe. Vita vilivyoleta mji mkuu wa jirani na mji mwingine mzuri vimelipa, hasa kwa vile mji mkuu huanzishwa mahali penye rutuba, na maajabu yaliyojengwa humo hubaki. Vita vilivyoleta kijiji kimoja cha jangwani havikulipa, hata kama kila pambano lilishindwa na adui.

Wakati wa kusimama

Mataifa mengine hayakai kimya. Kila kiongozi huweka kumbukumbu ya mema na mabaya, na mchezaji huweza kuisoma kwa tarakimu: dini moja huleta upendo, kumvamia rafiki yake huleta chuki, na kuchoma mji hukumbukwa kwa muda mrefu. Mvamizi asiyechagua maadui zake huweza kujikuta akipigana pande tatu, huku shaba yake yote ikiwa mbali.

Kwa kawaida, dalili tatu huonyesha kwamba wakati wa kusitisha umefika: kiwango cha utafiti kimeshuka mno, jirani wa tatu ameanza kukusanya majeshi, au adui amepata silaha inayolingana na ya mvamizi. Mkataba wa amani huzuia vita kwa zamu 10, na anayeshindwa mara nyingi hukubali kutoa dhahabu, mji au maarifa ili apumue. Katika muda huo mvamizi hujenga mahakama, huponya majeruhi na kutafuta silaha za enzi inayofuata. Hata hivyo, adui aliyebakiza mji mmoja dhaifu ni bora amalizwe kabla ya amani, ili wakazi waliotekwa wakome kumlilia.

Swahili katika mchezo

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, toleo hili lina upekee mwingine. Wimbo unaosikika mchezo unapofunguliwa, Baba Yetu, ni sala ya Bwana kwa Kiswahili. Ulitungwa na Christopher Tin, Mmarekani aliyesoma na Johnson katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mnamo Februari 2011 ulipata tuzo ya Grammy, na kuwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa tarakilishi kutuzwa hivyo.

Matoleo yaliyofuata yalibadilisha kanuni za vita. La tano, la mwaka wa 2010, lilikataza askari wawili wa vita kukaa mahali pamoja, na likageuza miraba ya ramani kuwa pembe sita. La sita lilitoka mwaka wa 2016, na la saba mwaka wa 2025. Mbinu ya kundi kubwa la mashoka haifanyi kazi katika matoleo hayo, lakini hesabu ya hazina baada ya ushindi ingali inawasubiri wavamizi.