Mbwa Mzee na Baridi Yabisi katika Nyanda za Kati

Jina la ugonjwa mara nyingi ni historia iliyofupishwa. Maumivu ya viungo Waswahili huyaita baridi yabisi, na maneno hayo mawili, yaliyotoka katika Kiarabu, yamebeba elimu kongwe ya Wayunani iliyohifadhiwa na kupanuliwa na matabibu wa Kiislamu, mmoja wao akiwa Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037. Katika elimu hiyo kila mwili una mizani ya joto na baridi, ya unyevu na ukavu. Na uzee ni wakati ambapo mizani huelemea upande wa baridi na ukavu. Elimu ya leo imeiacha nadharia hiyo, lakini jina limebaki, nalo humfaa mnyama sawasawa na linavyomfaa binadamu. Yeyote aliyemwona mbwa mzee akijaribu kuinuka alfajiri, akinyoosha miguu ya nyuma na kusita kabla ya hatua ya kwanza, hahitaji kufafanuliwa maana ya yabisi.

Katika Ugogo jambo hili lina uzito wa pekee. Dodoma na vitongoji vyake, Kikuyu ikiwa mojawapo, viko juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Mchana jua huwa kali, lakini usiku wa mwezi wa Juni na Julai baridi huuma, na ardhi hupoa upesi. Juu ya ardhi hiyo ndiko alikolala mbwa wa mfugaji. Nyumba ya Wagogo, tembe, iliujengea ukuta ua ambamo ng'ombe walilala salama. Watu walikuwa chini ya dari ya udongo, na mbwa alikuwa nje akikesha. Fisi alipokaribia, sauti ya kwanza iliyosikika ilikuwa yake. Basi yule aliyelinda joto la wengine ndiye aliyepigwa na baridi, na malipo ya kazi hiyo yalimngoja katika viungo vyake.

Kumbukumbu za maandishi zinazomhusu mbwa mzee katika nchi hizi ni chache, lakini moja ni mashuhuri. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874 alikuwa na mbwa watano waliotoka Uingereza. Mwezi uliofuata msafara ulipita Mpwapwa na kuingia Ugogo katika mvua na njaa. Mbwa wale walikufa mmoja baada ya mwingine, hata akabaki Bull peke yake. Huyo aliufuata msafara kwa miguu zaidi ya maili 1,000, mpaka mwaka 1876, baada ya msafara kuondoka Karagwe kuelekea Ujiji, uzee na uchovu vikamwangusha. Stanley alimwandika kwa heshima katika kitabu chake cha mwaka 1878. Lakini msomaji makini huona pia lile lisilokuwamo: hapana dawa iliyotajwa, kwa kuwa dawa yenyewe haikuwako. Jambo pekee ambalo lingemfaa mnyama yule ni kupumzika, na safari haikumruhusu.

Miaka 15 hivi baadaye sotoka iliingia Afrika Mashariki na kuteketeza ng'ombe kwa wingi usiokuwa na mfano. Msiba huo ndio ulioipa elimu ya mifugo mwelekeo wake. Wajerumani walipoweka kituo cha mifugo Mpwapwa mwaka 1905, na Waingereza walipokiendeleza baada ya vita, macho yote yalielekezwa kwa ng'ombe. Wala hapana haki ya kulaumu: nchi iliyoona watu wakifa kwa njaa baada ya mifugo yao kuangamia haikuweza kuanza na nyonga za mbwa. Mbwa aliingia katika vitabu vya serikali kwa mlango mwingine, mlango wa kichaa. Akahesabiwa kuwa hatari ya kuzuiwa kwa chanjo au kwa risasi. Zaidi ya hayo wengi wao hawakuzeeka. Maradhi, njaa na meno ya chui viliwaondoa mapema, na baridi yabisi ikawa ugonjwa wa wachache waliobahatika kuishi.

Wakati huo huo elimu ilikuwa ikijengwa kwingineko. Shule ya kwanza ya utabibu wa wanyama ilifunguliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761. Mwaka 1895 Röntgen aligundua miali ya eksirei, na mifupa ikaonekana bila kisu. Kwa njia hiyo Schnelle wa Marekani aliweza mwaka 1935 kueleza kasoro ya nyonga za mbwa, ambayo huuharibu ukingo wa kiungo tangu ujana. Aspirini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1897, lakini ilipita miaka 74 kabla John Vane hajaonyesha, mwaka 1971, namna inavyozuia uvimbe na maumivu. Kutokana na elimu hiyo zilikuja dawa zilizopimwa kwa mwili wa mbwa, kama carprofen na meloxicam. Na mwaka 2020 Ulaya iliidhinisha sindano ya kingamwili inayozuia maumivu ya viungo vya mbwa.

Hata hivyo dawa si rafiki wa kila mtu. Mwili wa mbwa si mwili wa mtu mdogo. Ibuprofen, ambayo binadamu huimeza bila hofu, yaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuziharibu figo zake. Mwenye huruma bila elimu aweza kumuua mnyama aliyekusudia kumwondolea maumivu, na kosa hilo ni jepesi zaidi pale ambapo duka la dawa liko jirani na tabibu wa wanyama yuko mbali.

Kwa bahati njema, tiba yenye ushahidi mzuri haina gharama kubwa. Mwaka 2002 huko Marekani yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa mbwa 48 waliofuatwa maisha yao yote. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Nao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na ugonjwa wa viungo ukawachelewa. Sababu yake inaeleweka: gegedu inayofunika ncha za mifupa huchakaa, na kila ratili ya ziada huongeza mzigo juu yake. Uzito wa kiasi, matembezi mafupi ya kila siku, na malalo makavu yaliyoinuliwa kutoka ardhini: hayo yote yangaliwezekana hata katika ua wa tembe.

Suala hili sasa limehamia mjini. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na Kikuyu, iliyojulikana kwa shule ya Mazengo, tangu mwaka 2007 ina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Penye nyumba nyingi pana malango mengi, na nyuma ya malango wamo mbwa wa Kijerumani, jamii inayojulikana kwa udhaifu wa nyonga, wakishiba bila kukimbia. Wanachanjwa, wanazeeka, wanavimba viungo. Nchi haikosi wataalamu: masomo ya shahada ya utabibu wa wanyama yalianza Morogoro mwaka 1976, na Chuo Kikuu cha Sokoine kikaundwa mwaka 1984. Haikosi sheria pia, kwani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ilitungwa mwaka 2008. Kinachopungua ni desturi.

Methali husema fadhila ya punda ni mateke. Kwa mbwa mzee mambo hugeuka: mtenda fadhila ni mnyama, na mwenye mateke ni mtu. Mlinzi aliyechoka hufukuzwa kwa kuwa habweki tena upesi, kumbe anachelewa kuinuka kwa sababu ya maumivu yaliyopatikana kazini. Elimu imekwisha kueleza maumivu hayo na namna ya kuyapunguza. Kwa hiyo udhuru wa kutojua, uliokuwa wa haki mwaka 1876, hauna nguvu tena, na deni lililobaki ni la mwenye mbwa.