Nani Alipie Maji Safi: Majimbo ya Marekani na Sheria ya 1972

Hadi katikati ya karne ya 20, usafi wa mito na maziwa ya Marekani ulikuwa shauri la majimbo. Serikali ya shirikisho iliingilia hasa pale takataka zilipozuia vyombo kupita, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1899. Sheria ya mwanzo ya kupambana na uchafuzi wa maji ilipitishwa 1948, nayo haikutoa zaidi ya utafiti na mikopo midogo. Mwaka 1956 zikaanza ruzuku za kujenga mitambo ya kusafisha majitaka: dola milioni 50 kwa mwaka, zigawanywe nchi nzima. Mwaka 1965 majimbo yalitakiwa kuweka viwango vya ubora kwa maji yanayovuka mipaka yao, lakini magavana wengi walisita. Jimbo lililobana viwanda vyake liliogopa kuviona vikihamia kwa jirani, vikiondoka na ajira na kodi.

Mto Cuyahoga, unaopita Cleveland katika jimbo la Ohio, ulionyesha udhaifu wa mpango huo. Tarehe 22 Juni 1969 mafuta na uchafu vilivyotanda juu ya maji vilishika moto. Haikuwa mara ya kwanza mto huo kuwaka, na moto wenyewe ulizimwa upesi. Meya Carl Stokes aliwapeleka waandishi wa habari mahali pa tukio, akalalamika kwamba jimbo ndilo lililovipa viwanda vibali vya kumwaga uchafu, na jiji halikuwa na uwezo wa kuvizuia. Wapiga kura wa Cleveland walikuwa wameshaidhinisha, mwaka mmoja kabla, hati fungani za dola milioni 100 ili mto usafishwe. Nia na fedha za mji hazikufaa kitu mahali ambapo sheria ya jimbo ilikuwa legelege.

Sheria ya Maji Safi ya 1972 iligeuza mambo. Rais Richard Nixon aliukataa muswada wake tarehe 17 Oktoba kwa sababu ya gharama, na Bunge likampiku kwa kura nyingi mno. Kuanzia hapo kila bomba la kiwanda au la mji lililomwaga majitaka mtoni lilihitaji kibali chenye masharti, na mitambo ya miji ilitakiwa kufikia kiwango cha pili cha usafishaji ifikapo Julai 1977. Amri hiyo ilikuja na fedha: dola bilioni 18 za ruzuku kwa miaka mitatu, serikali ya shirikisho ikibeba asilimia 75 ya gharama za ujenzi. Nixon alijaribu kuzuia sehemu kubwa ya fedha hizo zisigawiwe, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 1975, katika shauri lililofunguliwa na Jiji la New York, kwamba hakuwa na mamlaka hayo.

Utoaji wa vibali uliachiwa majimbo yatakayoutaka, mradi sheria zao zisiwe dhaifu kuliko ya shirikisho. California ilitangulia 1973, na baada ya muda karibu majimbo yote yakafuata, kwa kuwa viwanda na miji ilipendelea kushughulika na maofisa wa kwao kuliko wa Washington. Heshima hiyo ilikuwa na bei. Jimbo lilipaswa kuajiri wahandisi, wakaguzi, wapimaji wa maabara na wanasheria, na ruzuku ya shirikisho kwa kazi hiyo haikutosha. Pengo likazibwa kwa ada za vibali na kwa bajeti ya jimbo, ambapo mkaguzi wa mto hugombea dola ileile na mwalimu na barabara.

Badiliko zito zaidi kwa hazina za majimbo lilikuja katika miaka ya 1980. Mchango wa shirikisho ulipunguzwa hadi asilimia 55, kisha sheria ya 1987, iliyopitishwa licha ya pingamizi la Rais Ronald Reagan, ikaanza kuzifuta ruzuku za ujenzi. Mahali pake pakawekwa mifuko ya mzunguko: Washington huweka fedha, jimbo huongeza dola moja kwa kila dola tano, mji hukopa kwa riba nafuu, na marejesho hukopeshwa mji mwingine. Mfumo huo umefanya kazi vizuri, mifuko inaendelea kuishi hadi leo. Lakini mkopo ni deni. Masharti ya 1972 yalibaki palepale, na mji mdogo wenye wakazi maskini ukawa unalipa kwa ankara za maji kazi ambayo jirani yake aliyewahi ruzuku aliifanya kwa robo ya gharama.

Massachusetts ililijua hilo kwa uchungu. Majitaka ya Boston na miji jirani yalikuwa yakimwagwa bandarini yakiwa hayajasafishwa vya kutosha, huku chombo cha jimbo kilichoyasimamia kikitegemea fungu jembamba kutoka bunge la jimbo. Badala ya kukimbilia ruzuku, viongozi waliomba kusamehewa kiwango cha pili, kwa hoja kwamba bahari ingeupoza uchafu. Ombi lilizungushwa kwa miaka na hatimaye likakataliwa, na wakati huo neema ya ruzuku ilikuwa inapita. Mji wa Quincy, ambao fukwe zake zilichafuka, ulifungua kesi 1982. Mwaka 1984 bunge la jimbo likaunda mamlaka mpya ya maji yenye uwezo wa kupanga bei na kuuza hati fungani zake yenyewe, hivyo deni likatoka katika vitabu vya jimbo likaingia katika ankara za wateja. Jaji A. David Mazzone wa mahakama ya shirikisho alisimamia ratiba ya ujenzi kwa miaka mingi. Kazi iligharimu takribani dola bilioni 3.8, sehemu kubwa ikitoka kwa wateja. Ankara zilipanda hadi wananchi wakaandamana, na jimbo likalazimika kurudi na fungu la kupunguza makali ya deni. Mtambo wa Deer Island na handaki lake la kilomita 15 kuelekea bahari kuu viliisafisha bandari kweli. Handaki lilifunguliwa Septemba 2000.

Upande wa maji ya kunywa, Sheria ya 1974 ilikuwa imefuata njia hiyohiyo ya viwango vya Washington na usimamizi wa majimbo. Wyoming peke yake haijauchukua usimamizi huo. Marekebisho ya 1986 yaliamuru viwango vya vichafuzi 83 ndani ya miaka mitatu, kisha 25 vipya kila miaka mitatu, bila kujali hatari ya kila kimoja. Mameya na magavana walinung'unika, na safari hii walikuwa na haki. Rais Bill Clinton, aliyewahi kuwa gavana wa Arkansas, alitia saini Machi 1995 sheria ya kudhibiti amri zisizoambatana na fedha. Sheria hiyo hailifungi Bunge mikono: inadai gharama ya amri mpya ihesabiwe, na haikugusa amri za zamani. Nafuu ya kweli ilipatikana 1996, pale hesabu ya vichafuzi 25 ilipofutwa na mfuko wa mzunguko ukaanzishwa kwa maji ya kunywa pia.

Majimbo mengine yalitafuta chanzo chao. Maryland, iliyobanwa na wajibu wa kuiokoa Ghuba ya Chesapeake, ilianzisha 2004 tozo ya dola 2.50 kwa mwezi kwa kila kaya, ikaiongeza maradufu 2012. Fedha hizo zilielekezwa kwenye mitambo 67 mikubwa ya jimbo.

Michigan ilionyesha gharama ya kubana matumizi. Aprili 2014 mji wa Flint, ukiendeshwa na meneja wa dharura aliyeteuliwa na gavana, ulihamishiwa maji ya mto wake ili kuokoa fedha. Dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe haikutiwa, na idara ya jimbo iliyopaswa kulisimamia hilo haikulidai. Madini ya risasi yakaingia katika maji waliyokunywa watoto. Mwaka 2020 jimbo lilikubali kulipa dola milioni 600 kwa waathirika.

Sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga zaidi ya dola bilioni 50 kwa maji kwa miaka mitano, nyingi kupitia mifuko ileile ya mzunguko, zikiwamo bilioni 15 za kung'oa mabomba ya risasi. Kanuni iliyotolewa Oktoba 2024 iliipa mifumo mingi ya maji miaka kumi kuyamaliza mabomba hayo, kuanzia mwishoni mwa 2027, mwaka mmoja baada ya mgao wa sheria ya 2021 kufika ukomo wake.