Mfumo wazi, mfumo funge na mfumo tenga

Katika themodinamiki, yaani elimu ya joto na kazi, mfumo ni sehemu yoyote tuliyoichagua ili tuichunguze. Kilicho nje yake ni mazingira, na kati ya hivyo viwili kuna mpaka. Aina ya mfumo hujulikana kwa kuuliza maswali mawili: je, maada inavuka mpaka huo? Je, nishati inavuka?

Mfumo wazi hupitisha vyote viwili. Milima ya Masisi, huko Kivu, inasifika kwa jibini inayouzwa hadi mjini Goma. Maziwa ya kutengenezea jibini hiyo yakiwa motoni kwenye sufuria isiyofunikwa, joto la moto linaingia na mvuke unatoka.

Mfumo funge huzuia maada, lakini hupitisha nishati. Yatie maziwa hayo kwenye kopo, ulizibe kabisa, kisha uteremke nalo kutoka vilima vya Masisi vinavyopita mita 2,000 hadi msitu wa Walikale, kwenye bonde lenye joto. Uzito ni uleule, ila maziwa yamepata joto njiani. Hapa wanafunzi wengi hukwama: wakisikia “funge” hudhani hakuna kinachopita. Kilichofungiwa ni maada peke yake.

Ndiyo maana ipo istilahi ya tatu, mfumo tenga, usiopitisha maada wala nishati. Themosi inaukaribia tu, kwani chai ya jioni huwa imepoa kiasi ifikapo asubuhi. Mwaka 1865 Rudolf Clausius aliutazama ulimwengu mzima kwa namna hiyo, akasema nishati yake haibadiliki na entropia yake, yaani kipimo cha mtawanyiko wa nishati, huelekea upeo.

Sasa tulipime tanuri la makala, yaani makaa ya kuni. Kuni zimefunikwa kwa majani na udongo, na kwa macho tungeliita mfumo funge. Lakini hewa kidogo inaingia kwenye matundu, mvuke na gesi vinatoka, na makala yanayofukuliwa ni mepesi kuliko kuni zilizopangwa. Huo ni mfumo wazi. Katika mfumo funge, badiliko la nishati ya ndani ni joto lililoingia kutoa kazi iliyofanywa na mfumo. Ukiitumia kanuni hiyo kwa tanuri, utaisahau nishati iliyoondoka na moshi, nayo ni sehemu kubwa ya kile mti ulichohifadhi kwa miaka. Anayetaka kujenga tanuri bora na kuokoa miti ya Kivu lazima aanze kwa kuihesabu hiyo.